Namna ya kuisoma riwaya ya Kundera bila kuitupa ziwani

Nakala yangu ya The Unbearable Lightness of Being, riwaya ya Mcheki Milan Kundera, ni ya Kiingereza, niliipata kwenye vitabu vya mtumba pale Makoroboi, Mwanza. Muuzaji aliniapia ni hadithi ya mapenzi. Nafungua, nakutana na mwanafalsafa Nietzsche na maisha yanayojirudia milele. Nikaifungia kabatini mwaka mzima.

Kwa hiyo wewe usianzie hapo. Ruka mpaka Tomas, mhusika mkuu, anapotokea, kasimama dirishani anatazama kuta za ng'ambo ya ua, hajui amchukue Tereza, msichana aliyempenda, au amwache. Zile kurasa za falsafa utazirudia baadaye na utaziona nyepesi tu: tunaishi mara moja, hatupewi mazoezi, basi nani atajua kama alichagua vizuri? Jina la kitabu mimi naliita Wepesi Usiovumilika wa Kuwepo.

Pili, shika tarehe moja. Usiku wa kuamkia 21 Agosti 1968 vifaru vya Wasovieti na baadhi ya washirika wao viliingia Chekoslovakia kuzima mageuzi ya kiongozi wake, Dubček. Milan Kundera mwenyewe alihamia Ufaransa 1975, akavuliwa uraia 1979, na riwaya hii ikatoka 1984. Wala usiisome kama habari za Ujamaa wetu. Nimelelewa chini ya balozi wa nyumba kumi na nimepanga foleni ya sukari, lakini Tomas ni daktari wa upasuaji anayeishia kuosha madirisha kwa sababu ya makala moja aliyokataa kuikana.

Makala hiyo isome mara mbili. Inamhusu Oedipus, mfalme wa hadithi za Kigiriki, aliyetenda uovu bila kujua, na alipojua akajitoboa macho. Tomas anawauliza wakubwa wa chama cha Kikomunisti: nyie mnaosema hamkujua uovu uliotendeka, mbona macho bado mnayo? Ajabu ni kwamba anayeuliza hivyo ndiye anayerudi kwa Tereza na harufu ya mwanamke mwingine nywelini. Kitabu kizima nakiona kimekaa hapo.

Labda naona hivyo kwa sababu ya mambo yangu. Marehemu mume wangu alikuwa baharia, baharia wa kazi, kabla vijana hawajaligeuza neno hilo. Meli yao ilikwenda Bukoba. Msimu mmoja alirudi na senene kwenye jani la mgomba, wamekwisha kunyonyolewa mabawa na miguu, mmoja mmoja, kwa mkono wa mtu mwenye subira. Melini hakuna anayenyonyoa senene. Nilipouliza, akasema hakujua kama ningeumia. Niliwakaanga. Walikuwa watamu, Mungu anisamehe.

Basi unaposoma, usiharakishe kumhukumu Tomas, na usimsamehe pia. Mfuate Sabina, mchoraji na hawara wa Tomas, na kofia yake nyeusi ya duara, huyo anasaliti kila kitu na bado utampenda. Sehemu ya sita ipite mbio, ila usiruke kisa cha mtoto wa Stalin na choo.

Jambo moja litakukera. Katikati ya kitabu Sabina, akiwa Paris, anapata barua: Tomas na Tereza wamekufa kwa ajali ya gari. Kurasa bado tele! Mpwa wangu aliniletea kitabu hapo hapo, amenuna. Vumilia. Sehemu ya saba wako hai tena, kijijini, na Karenin, mbwa jike mwenye jina la kiume, anaugua saratani. Kwa kuwa unajua kinachowasubiri, hata mbwa kuchechemea kwenda kuokota mkate kunakubana koo.

Sehemu hiyo isome pasipo na watu wa kukuita. Mimi nilipanda kivuko cha Kamanga, nikavuka, nikarudi, nikavuka tena.

“Mama, leo hushuki?” kijana wa tiketi akaniuliza.

Nikamwonyesha kurasa zilizobaki. Akaenda zake kufunga kamba.