Madai ya Ujira: Lini Ushike Maneno ya Sheria, Lini Utetee Kusudi Lake

Mfanyakazi wa Tanzania anayetaka kupeleka madai ya ujira wake mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, chombo kinachosikiliza migogoro ya kazi, aanze na kalenda. Kanuni za mwaka 2007 zinatoa siku 30 za kupinga kuachishwa kazi, na siku 60 kwa migogoro mingine, ikiwemo ya mishahara isiyolipwa. Hapo maneno ya sheria hayana huruma: aliyechelewa hasikilizwi mpaka kwanza aombe kuongezewa muda na kutoa sababu za msingi, na ahadi za mwajiri za "subiri mwisho wa mwezi" si kinga ya kutegemea.

Muda ukiwa salama, soma mkataba ukiulinganisha na kazi yenyewe. Wako waajiri wanaomwandika mlinzi au dereva kuwa ni mkandarasi anayejitegemea, ili Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 isiwaguse. Dhidi ya ujanja huo, kusudi la sheria limeandikwa waziwazi: Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka huohuo inaelekeza kwamba mtu achukuliwe kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, iwapo lipo hata jambo moja kati ya yaliyotajwa, kama vile kupangiwa saa za kazi, kupewa vitendea kazi, au kumtegemea kiuchumi anayemfanyia kazi. Kwa hiyo tunza ujumbe wa simu unaokupangia zamu, nakala za daftari la mahudhurio na kumbukumbu za malipo. Usipokuwa na mkataba wa maandishi, bado unayo nafasi, kwani mwajiri akishindwa kuutoa, ni juu yake kuthibitisha au kukanusha sharti unalolidai.

Cheo nacho kichunguzwe. Saa zinazozidi 45 kwa wiki hulipwa mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Wanaosimamia wenzao na kuwajibika moja kwa moja kwa uongozi wa juu hawamo katika haki hiyo, lakini kuitwa "msimamizi" pekee hakutoshi kukunyima.

Katika Fomu Na. 1, ya kupeleka mgogoro mbele ya Tume, taja kila dai na kiasi chake, mwezi kwa mwezi. "Nilipwe haki zangu zote" ni maneno mepesi mno. Mpe mwajiri nakala, utunze uthibitisho kwamba ameipokea, na kwenye usuluhishi usisaini hati inayosema huna madai mengine kabla hujamaliza hesabu hiyo.