Funza wa mabua mwenye vifuko vyeupe usimponde, mlee akutolee nyigu

Ukipasua bua la mahindi ukakuta funza kanywea na pembeni yake kuna kirundo cha vifuko vyeupe kama punje za mchele, tafadhali usiviponde wala usiwarushie kuku. Wengi wanadhani ni mayai ya funza, sio kabisa, hao ni nyigu wanaitwa Cotesia flavipes na wako upande wako. Ni mgeni kama funza mwenyewe, maana Chilo partellus, yule mweupe mwenye madoa meusi mgongoni, alitokea Asia akaingia Afrika miaka ya 1930 huku adui yake kabaki kule, sasa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, ndo wakamfuata nyigu hadi Pakistan na mwaka 1993 wakamwachia mashambani Pwani ya Kenya, na akashika kweli.

Kumlea nyigu huyo, kupitia funza aliyembeba, sio kazi. Tafuta mmea ambao jani la katikati limekauka na ukilivuta linachomoka kirahisi, ukate, upasue bua kwa urefu taratibu usije ukamkata funza. Chagua walioshiba, wale wadogo sana nyigu hawashughuliki nao. Kila mmoja umpe chupa yake na kipande cha bua bichi, mdomo ufunike na kitambaa laini ufunge na mpira, usitegemee mfuniko uliotobolewa na msumari sababu nyigu mwenyewe ana kama milimita 3 tu, atapita. Weka kivulini na bua ubadilishe kila baada ya siku mbili hivi, likioza funza anakufa na nyigu walio ndani yake wanakufa naye.

Sasa subiri, na ujue unasubiri nini. Kabla hujamwokota funza, nyigu jike alifuata harufu ya mmea ulioliwa na ya kinyesi cha funza, akaingia mwenyewe kwenye tundu la bua, na hapo ni hatari sababu funza anang'ata na majike wengi wanafia humohumo, akamchoma mara moja akamwachia mayai thelathini, arobaini hivi, pamoja na virusi vinavyozima kinga ya funza ili mayai yasiuliwe. Funza anaendelea kula tu, kwa hiyo usikate tamaa ukiona bado anatoboa, mmea huo haukombolewi, unachopata ni kwamba huyo hatafika kuwa nondo akatage kwenye mahindi mengine. Kama wiki mbili toka achomwe, kwenye joto la pwani, vibuu vyeupe, yaani watoto wa nyigu, vinamtoboa ngozi na kutoka karibu vyote kwa pamoja, na muda si mrefu kila kimoja kimeshajifumia kifuko. Hapa napapenda kuliko pote, kaa uangalie. Siku 5 au 6 mbele wanatoka nyigu weusi wenye miguu ya njano.

Wakishatoka usichelewe, hawaishi zaidi ya siku chache. Wape tone la asali iliyochanganywa na maji kwenye kipande cha tishu, waache wapandane, alafu asubuhi mapema au jioni peleka chupa kwenye mahindi yenye funza, ilaze chini ya majani utoe kitambaa.

Kwa walio nyanda za juu, kama funza wako ni wa pinki asiye na madoa, huyo kwa kawaida ni Busseola fusca na mayai ya flavipes mwili wake unayaua mara nyingi. Anayemweza huko ni nyigu ndugu wa flavipes, mwenyeji wa Afrika, Cotesia sesamiae, vifuko vyake ni vyeupe vilevile na kumlea ni hivohivo.

Dawa ukilazimika, weka ya chembechembe kwenye moyo wa mmea ulioathirika tu, usinyunyizie shamba zima, na wiki uliyowaachia nyigu usiguse dawa kabisa. Pembeni mwa shamba panda nepia, nondo wanaipenda wanataga huko na watoto wao wengi hawakui.