Ukitumiwa tena ile video ya barafu inayowaka moto, ipime hivi

Kuna ile video haifi kwenye magrupu ya WhatsApp, mtu kavaa glovu kashika donge jeupe utadhani limekwanguliwa friza, anawasha kiberiti donge linashika moto huku maji yanamchuruzika kwenye vidole, halafu chini wameandika nishati ya miaka elfu imepatikana chini ya bahari. Wiki iliyopita shemeji kanitumia na swali lake, "sasa hii makaa na mafuta si vimekwisha?" Nikaona bora niandike namna ninavyoipima mimi.

Video yenyewe ni ya kweli, hapo usibishane. Lile donge ni haidreti ya methani, yaani maji yameganda yakajipanga kama vizimba na gesi ya methani (ndiyo sehemu kubwa ya gesi asilia) imefungiwa humo ndani, na linatulia tu likiwa kwenye baridi na presha kubwa, ndo maana linapatikana chini ya sakafu ya bahari kwenye vina vya mamia ya mita na kuendelea, au kwenye ardhi iliyoganda huko Aktiki. Mita moja ya ujazo ikiyeyuka inaachia gesi kama mita 160 za ujazo, kwa hiyo kusisimka wana haki.

Kabla ya kuforward cheki kama wanaongelea haidreti kweli. Gesi ya kina kirefu ya kwetu, ile ya mradi wa LNG (gesi inayopozwa hadi iwe kimiminika) Lindi, ni gesi asilia ya kawaida iko kwenye miamba, unachimba inapanda yenyewe kwa presha yake. Haidreti haipandi, imeganda. Watu wanachanganya hivi vitu mpaka basi.

Halafu ndo uje kwenye namba, hapa usiwe na haraka. Tafuta wametoa mita ngapi za ujazo kwa siku ngapi, habari ikikosa hivyo viwili iache ipite. Wachina mwaka 2020 walitoa mita za ujazo 861,400 kwa siku 30 kule bahari ya Kusini mwa China, ukiisikia hivyo unaona utajiri. Gawanya kwa 30, unapata kama 28,700 kwa siku. Mita moja ya ujazo ya gesi ukiichoma kwenye mtambo mzuri inakupa umeme kama uniti 5, zidisha, kisha gawanya kwa masaa 24, unabaki na megawati 6 hivi. Sita! Bwawa la Nyerere limejengwa la megawati 2,115. Na KivuWatt ya Rwanda, inayovuta methani iliyoyeyuka kwenye maji ya Ziwa Kivu (hii nayo sio haidreti, bomba linashuka mamia ya mita na maji yanapanda na mapovu kama soda iliyotikiswa), inatoa megawati 26.

Angalia pia kilichowasimamisha waliojaribu kuichimba. Njia wanayotumia ni kutoboa kisima, wanavuta maji presha ishuke, vizimba vivunjike gesi itoke. Shida haidreti ndo iliyokuwa imeshikilia mchanga, ikiyeyuka mchanga unalegea unaingia kisimani, na Wajapani Machi 2013 kwenye mtaro wa Nankai, baharini kwao, walikwamia hapohapo baada ya siku 6, wakarudi 2017 kisima cha kwanza mchanga tena. Sehemu kubwa ya haidreti ya dunia wala haiko kwenye mchanga, imesambaa kidogo kidogo kwenye tope, kwa hiyo wakikutajia akiba yote iliyopo chini jua wanakuhesabia na samaki wasioweza kuvuliwa.

Na inaganda pale usipotaka. Mwaka 2010 kisima cha mafuta kilipolipuka Ghuba ya Mexico walishusha kuba kubwa la chuma lifunike panapovuja, haidreti ikajijenga humo ndani ikaziba njia, mpango ukafa.

Swali la mwisho ni la tabianchi na hili wengi wanaliruka. Ukichoma methani unapata hewa ukaa kama nusu ya ile ya makaa ya mawe kwa nishati ileile, hapo wanaoipigia debe wana hoja. Ila ikivuja kabla hujaichoma, ndani ya miaka 20 inapasha dunia joto zaidi ya mara 80 ya hewa ukaa kwa uzito uleule, na hapa tunaongelea kisima kilicho kilomita moja chini ya maji. Kwa hiyo uliza wanapimaje uvujaji, kwa vifaa gani, na nani anayeenda kukagua. Kwenye habari zinazosambaa hilo silioni kabisa.

Shemeji nimemtumia hesabu ya megawati 6, kajibu "dah, hiyo si haitoshi hata mtaa wetu na mafriji yote haya", nikamwambia hapana mtaa inatosha, ila meli ya kuchimbia utailipia wewe.