Jinsi ya kucheki hewa ya mtaani kwako kabla hujatoka kukimbia

Kama unaishi Nairobi upande wa Dandora unajua ule moshi wa jaa, lakini pua haitoshi, kuna vumbi hatari usilolinusa wala kuliona. Ingia simuni pakua programu ya AirQo, hii ni ya watu wa Chuo Kikuu cha Makerere pale Kampala, tafuta kisensa, yaani kifaa cha kupima hewa, kilicho karibu na wewe alafu angalia namba ya PM2.5, yaani chembe ndogo kushinda unywele mara nyingi sana zinazoingia mpaka ndani ya mapafu. Shirika la Afya Duniani tangu 2021 linasema wastani wa saa 24 usizidi maikrogramu 15 kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo ukiona 40 siku nzima ujue hapo si kuzuri.

Usiangalie mara moja tu, cheki asubuhi, mchana na jioni wiki nzima, andika pembeni kama kuna mtu anachoma taka au matatu zimejazana. Asubuhi ya ukungu visensa vya bei rahisi huwa vinazidisha namba, usipanik. Gesi za magari kama naitrojeni dayoksaidi vingi havipimi kabisa.