Namna ya Kutumia Msemo wa Kiingereza wa Uzito wa Dhahabu

Anayetembeza wageni katika mji wa Lamu hana budi kuuelewa vyema msemo wa Kiingereza "worth its weight in gold", yaani neno kwa neno "chenye thamani ya dhahabu ya uzito wake", kwa sababu humo mna dhahabu na uzito, na ni rahisi kudhani kwamba unahusu bei. Mara nyingi Mwingereza anapousema husifu manufaa: mtu au kitu kimefaa mno, na kukikosa kungekuwa hasara kubwa. Kwa hiyo ukimwonyesha mgeni kiti cha enzi dukani ukautumia msemo huu, atajua unakisifu, lakini hatajua kinauzwa kiasi gani. La bei litajie shilingi.

Afrika Mashariki imewahi kuona maana yake ya wazi ikitendeka, Aga Khan wa Tatu, kiongozi wa Waislamu wa madhehebu ya Ismailia, alipopimwa kwa dhahabu mjini Nairobi mwaka 1937. Katika mazungumzo ya kila siku, hata hivyo, hakuna mizani.

Mfano ninaoupenda ni wa nahodha: "A captain who knows the Mkanda channel is worth his weight in gold." Mkanda ni mlango mwembamba wa bahari kati ya kisiwa cha Manda na bara, na maji yakipwa, chombo cha asiyeujua huweza kukwama, hivyo mgeni aendaye kisiwa cha Pate kwa njia hiyo ataelewa mara moja kwa nini nahodha huyo anasifiwa. Angalia kwamba "his" inamfuata anayesifiwa. Mwanamke ni "her", na kitu ni "its", ambayo huandikwa bila ritifaa (alama ya '). Wakiwa wengi tumia "their", lakini "weight" haibadiliki, kama ukiwasifu punda waliobeba mawe na mchanga vichochoroni nyumba ilipokuwa ikijengwa: "The donkeys were worth their weight in gold." Herufi "gh" katika "weight" hazitamkwi.

Usiuchanganye na "worth his salt", ambao hupima kama mtu anastahili kazi yake, na kwa kawaida huja baada ya "any". Ukisema "Any captain worth his salt waits for the tide", hujamsifu nahodha yeyote. Umetaja tu jambo ambalo kila nahodha wa kweli hulifanya, yaani kungoja maji yajae.