Kumchagulia Bibi au Babu Zawadi Atakayoitumia Mwenyewe

Wajukuu wengi wanaotoka Dar es Salaam kwenda Newala, Tandahimba au Liwale, huko Mtwara na Lindi, hufungasha vitu vilevile: sukari, mchele, majani ya chai, sabuni za mche na doti ya kanga. Si vitu vibaya, na hakuna mzee atakayevikataa, lakini kabla jua halijazama sukari imekwisha kupimwa kwa kikombe na kupelekwa kwa jirani, kwa wifi na kwa mwalimu wa madrasa, kwa sababu mzee aliyepata mgeni haoni raha kula peke yake. Kugawa huko ni sehemu ya hadhi yake na haifai kumzuia. Linalofaa ni kwenda na mafungu mawili: fungu la kugawa, ambalo ni bora liwe jingi kuliko kuwa la bei kubwa, na kitu kimoja alichochaguliwa yeye mwenyewe, kisichogawanyika. Maelezo yanayofuata yanahusu hicho kimoja.

Kukichagua hakuanzii dukani. Ifuatilie siku ya mzee tangu alfajiri hadi anapolala, utafute mahali anapokwama, au kazi aliyokuwa akiifanya na ambayo sasa ameiacha bila kusema. Ukimuuliza, "Bibi, nikuletee nini?" atakujibu kwamba yeye hana shida na wewe njoo tu salama, kwa hiyo jibu la kweli litafute kwa mtu anayekaa naye. Ni nani anayemchotea maji? Je, bado anakwenda msikitini au kanisani kwa miguu? Usiku anaamka mara ngapi kutoka nje, na anatumia taa gani? Bado anasuka ukili, au mkeka umesimama nusu tangu macho yalipoanza kufifia?

Kwa wazee wa uwanda wa Makonde, ziliko Newala na Tandahimba, mara nyingi majibu yataishia kwenye maji. Udongo wa huko hunywa mvua upesi, na kwa vizazi vingi wanawake wameteremka mabondeni kufuata maji na kupanda nayo kichwani. Hata palipofika bomba, mwenye miaka 75 hawezi kutegemea ndoo ya lita 20, ambayo ikijaa ina uzito wa kilo 20 na zaidi. Ikiwa nyumba yake imeezekwa kwa bati, wajukuu wakichangishana wanaweza kumwekea mifereji na simtanki. Hesabu yake ni nyepesi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati hutoa lita moja, kwa hiyo paa la mita za mraba 30 likipata mvua ya milimita 20 hutoa karibu lita 600, ukiacha kidogo kinachopotea. Kazi hiyo imalizike kabla ya Novemba au Desemba, mvua zinapoanza. Fundi aweke koki juu kiasi cha ndoo kukaa chini yake bila bibi kuinama sana, na maji ya mvua ya kwanza yaachwe yamwagike kwa kuwa huosha vumbi na kinyesi cha ndege. Mwongezee ndoo mbili za lita 10, ili aweze kujichotea mwenyewe hata siku ambayo hakuna mtoto nyumbani.

Zawadi nyingine inayosahaulika ni kulipia kazi. Babu mwenye mikorosho na mgongo unaouma hahitaji saa ya mkononi. Anahitaji shamba lake lipaliliwe na chini ya miti pasafishwe, ili korosho zikianguka zionekane. Fedha hiyo imfikie kati ya Juni na Agosti, kabla msimu haujashika kasi, kwa kuwa miezi hiyo ndiyo ambayo mkulima asiye na akiba hujikuta akiuza kangomba, yaani kuiachia korosho yake kwa bei ya chini kwa mtu mwenye fedha taslimu, huku mnada wa korosho ukiwa bado mbali. Mkabidhi fedha yeye mwenyewe, atafute vibarua, apatane nao na awasimamie. Ukiwaleta vibarua wako bila kumshirikisha, utakuwa umempalilia shamba na kumvua umiliki kwa siku moja.

Miwani ya kusomea ni zawadi nzuri kwa masharti. Nguvu za lenzi hupanda kwa ngazi, 1.00, 1.50, 2.00 na kuendelea, na wawili wenye umri mmoja huweza kuhitaji tofauti, kwa hiyo usinunue kwa kukisia. Mpe ajaribu kadhaa akiwa na kitabu anachokisoma kila siku, awe ameketi kwa namna anayoketi kwake. Akisema anaona ukungu mchana kutwa, huenda ni mtoto wa jicho, na hapo miwani haitasaidia. Zawadi yake basi iwe safari ya kliniki ya macho, kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa ya Ligula, Mtwara, au ya Sokoine, Lindi, pamoja na nauli, chakula cha njiani na mtu wa kumshika mkono.

Bakora nayo ina kipimo. Mzee asimame wima akiwa amevaa viatu vyake vya kawaida, mikono ikining'inia. Kichwa cha bakora kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Ikiwa ndefu humwinua bega, ikiwa fupi humwinamisha. Iwekewe mpira chini, kwa sababu sakafu ya saruji iliyolowa huteleza. Na kama babu anapata shida kunyanyuka kutoka kwenye kigoda, muagizie seremala wa Masasi au Nachingwea kiti chenye mikono, kimo cha kukalia kiwe sawa na magoti yake. Makochi ya sponji laini ni adui wa mzee, ingawa sebuleni yanapendeza.

Katika nguo, angalia anakoishi. Newala iko juu, na baridi ya Juni na Julai huwaumiza wazee usiku, kwa hiyo blanketi zito au sweta ya kufungwa vifungo kwa mbele vinafaa; Lindi mjini au Kilwa, blanketi hilohilo litaishia kabatini. Kanga iwe ya pamba, na maandishi yake uyasome kabla ya kulipa, maana bibi akijifunga kijembe jirani atajua kimemlenga. Ipeleke ikiwa imekatwa na kupindwa, asihangaike kumtafuta fundi.

Taa ya sola yenye kitufe kimoja na redio ndogo ya kuchajiwa kwa jua hupokewa vizuri kila mahali. Simu ya kitochi pia, mradi namba muhimu ziwe zimehifadhiwa tayari. Mtungi wa gesi mimi ningeufikiria mara mbili, kwa kuwa nimeona mitungi iliyogeuzwa kuwa meza ya kuwekea birika, mwenyewe akiogopa hata kuifungua. Usimbebee korosho mtu wa Tandahimba. Kwa mwenye presha au kisukari, waulize nyumbani daktari amemkataza nini, kisha mletee unga wa ulezi au dagaa wasio na chumvi.

Kukabidhi kufanyike wakati ambapo watu si wengi, na yule anayekaa na mzee aonyeshwe namna ya kukitumia kifaa na mahali pa kukitengenezea kikiharibika. Kama mmechangishana, mmoja ashike fedha na mmoja anunue, na atakayekabidhi ataje majina ya wote, wakiwamo waliotoa kidogo, kwa kuwa bibi atawaombea dua mmoja mmoja na hatapenda kugundua baadaye kwamba kuna aliyemruka.