Namna ya Kuongeza Kasi ya Pentium G3258 Kupita Kiwango cha Kiwandani

Mwaka 2014 Intel ilitoa Pentium G3258, prosesa ya bei ndogo iliyoadhimisha miaka 20 ya jina la Pentium, na kinyume na desturi yake kwa bidhaa za daraja hilo, ikaacha kizidishi chake, yaani tarakimu inayopanga kasi ya prosesa, bila kufuli, hivyo mtumiaji anaweza kuibadilisha. Prosesa hiyo ina viini viwili (sehemu zinazofanya hesabu), kasi ya kiwandani ya GHz 3.2, kache ya MB 3 na kiwango cha joto cha wati 53, nayo hukaa kwenye soketi ya LGA1150. Bei yake iliyotangazwa ilikuwa dola 72. Zinazopatikana leo ni zilizokwisha kutumika, na kwa aliye nayo tayari, nyingi huweza kufikishwa GHz 4.2 hadi 4.4 bila vifaa vya gharama kubwa. Mwongozo huu unaeleza namna ya kufika huko, na hasa namna ya kubaki huko bila kompyuta kuganda katikati ya kazi.

Kwanza hakikisha kwamba kazi hii inakufaa. Kuongeza kasi husaidia programu zinazotegemea kiini kimoja au viwili: michezo ya zamani, programu za kuigiza mashine za michezo za miaka ya nyuma, na majedwali makubwa ya hesabu. Hakubadilishi idadi ya viini. Mchezo wa Far Cry 4, uliotoka mwaka huohuo wa 2014, ulikataa kabisa kuanza kwenye prosesa za aina hii kwa sababu ulidai nyuzi nne za kazi, yaani uwezo wa kufanya kazi nne kwa wakati mmoja, na hakuna kasi iliyoweza kuutuliza. Kwa hiyo, ikiwa unaweza kupata Core i5-4570 au i5-4590 iliyotumika kwa bei unayoimudu, nunua hiyo. Hukaa kwenye soketi ileile, ina viini vinne, na haihitaji hata moja ya hatua zifuatazo. Vilevile, kompyuta ambayo bado inatumia diski ngumu ya kuzunguka itachangamka zaidi kwa kuwekewa SSD kuliko kwa jambo lolote utakalolifanya ndani ya BIOS, yaani programu ya ubao mama inayopanga mipangilio ya vifaa kabla Windows haijawaka.

Kuhusu ubao mama

Kompyuta nyingi za mtumba zinazouzwa Afrika Mashariki zilitoka maofisini, na zile za rika hili mara nyingi ni Dell OptiPlex au HP ProDesk. BIOS za mashine hizo hazina sehemu ya kubadilisha kizidishi, na hakuna haja ya kupoteza muda kuitafuta. Kinachohitajika ni ubao mama unaouzwa peke yake, wa kampuni kama ASRock, ASUS, Gigabyte au MSI, na kwa uhakika zaidi uwe na chipuseti (chipu inayosimamia ubao) ya Z87 au Z97. Baadhi ya mbao za H81, B85 na H97 nazo ziliwekewa BIOS zinazoruhusu kazi hii, ingawa chipuseti hizo hazikukusudiwa hivyo.

Mwenye ubao wa kundi hilo la pili ana tahadhari moja ya ziada. Mwaka 2015 sasisho la maikrokodi, yaani maagizo ya ndani ya prosesa, lililosambazwa kupitia Windows liliziacha baadhi ya kompyuta zenye G3258 kwenye chipuseti hizo zikishindwa kuwaka hadi mwisho, na watu wengi walikumbana na tatizo hilo walipojaribu kuingiza Windows 10. Njia iliyowasaidia wengi ilikuwa kuzima kiini kimoja kwa muda kupitia BIOS ili mfumo uwake, kisha kuondoa faili la maikrokodi linalosababisha mgogoro. Ikiwa kompyuta yako inafanya kazi vizuri leo, usisasishe BIOS kwa mazoea tu; soma kwanza maelezo ya toleo jipya, kwa maana toleo jipya linaweza kukunyang'anya uwezo ulionao. Ukiona ni lazima usasishe, fanya hivyo kompyuta ikiwa imechomekwa kwenye UPS, kwani umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo ubao unaweza usiwake tena.

Joto, volteji na chumba chenyewe

Joto ambalo prosesa hutoa ikiwa kazini hupanda sambamba na kasi, lakini kwa upande wa volteji hupanda kwa kipeo cha pili. Chukua prosesa inayokwenda GHz 3.2 kwa V 1.05. Ukiipeleka GHz 4.4 kwa V 1.25, kasi imezidi mara 1.375, na kipeo cha pili cha uwiano wa volteji ni takriban 1.42, ukizidisha viwili hivyo unapata takriban 1.95. Yaani kasi imeongezeka kwa asilimia 37.5, na joto kwa karibu asilimia 95. Sasa endelea na hesabu hiyohiyo: kama prosesa yako itadai V 1.35 ili ifike GHz 4.6, joto litapanda tena kwa zaidi ya asilimia 20, ilhali kasi utakayoipata haifiki hata asilimia 5. Hiyo ndiyo sababu nashauri kusimama mahali ambapo volteji inaanza kupanda haraka kuliko kasi, hata kama kuna watu wanaotangaza tarakimu kubwa zaidi.

Kuna jambo jingine ambalo majaribio mengi yanayochapishwa hayalizingatii kwa ajili yetu. Prosesa hupozwa na hewa iliyomo chumbani, na majaribio hayo kwa kawaida hufanywa kwenye vyumba vya nyuzi 20 hadi 22 za Selsiasi. Chumba kisicho na kiyoyozi Dar es Salaam au Mombasa kinaweza kufika nyuzi 32 alasiri, na tofauti hiyo ya nyuzi 10 huongezeka karibu yote kwenye joto la prosesa. Mtu wa Ulaya anaposema prosesa yake ilifika nyuzi 72, soma nyuzi 82. Kwa sababu hiyo fanya majaribio yako mchana wa joto, si usiku wala alfajiri. Mipangilio iliyopita mtihani saa kumi usiku inaweza kushindwa saa nane mchana.

Feni iliyokuja na prosesa hii ni ndogo, na ninaiona inatosha hadi GHz 3.8 au 4.0 tu. Ukitaka kupita hapo, weka hitisinki (chuma cha kupozea prosesa) ya mnara yenye feni ya milimita 120, kama Cooler Master Hyper 212 EVO au nyingine ya aina hiyo. Kabla ya kuifunga, pangusa pesti kuukuu ya joto kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, kisha weka tone jipya la ukubwa wa punje ya mbaazi katikati ya kifuniko cha prosesa. Ndani ya kifuniko hicho Intel ilitumia pesti badala ya risasi ya kuunganishia, hivyo joto hukwama kidogo kabla ya kuifikia hitisinki, na hilo huwezi kulibadilisha bila kukibandua kifuniko, kazi ambayo sikushauri uifanye kwa faida iliyopo.

Pawa saplai nayo isisahaulike. Mashine yenyewe haihitaji umeme mwingi, lakini pawa saplai za bei ya kutupa huandikwa wati 500 zisizokuwamo, na volti 12 zake huyumba mzigo unapoongezeka. Ukiinyanyua mkononi ukaiona nyepesi kama boksi tupu, itilie shaka.

Kuandaa na kupima hali ya mwanzo

Nakili faili zako muhimu kwenye diski nyingine kabla ya yote, kwa sababu kompyuta inayozimika ghafla mara kwa mara inaweza kuharibu mfumo wa faili. Futa vumbi, ingia BIOS, rudisha mipangilio ya kiwandani, kisha uwashe Windows na uweke programu tatu: CPU-Z ya kuonyesha kasi na kizidishi, HWiNFO ya kuonyesha joto na volteji, na Prime95 ya kuibebesha prosesa mzigo mzito. Endesha Prime95 kwa nusu saa na uandike kwenye karatasi joto la juu kabisa, volteji, na saa ya siku. Ikiwa joto limepita nyuzi 70 kwa kasi ya kiwandani, usiendelee hadi upoozaji urekebishwe.

Kupandisha

Kasi ya prosesa hupatikana kwa kuzidisha saa ya msingi, ambayo ni MHz 100, kwa kizidishi, ambacho kiwandani ni 32. Saa ya msingi iache kama ilivyo, kwa kuwa inaendesha pia njia za PCIe, zinazounganisha kadi za ziada, na mawasiliano kati ya prosesa na chipuseti, na mabadiliko madogo tu huweza kuleta makosa yasiyoeleweka. Unachobadilisha ni kizidishi, ambacho kwenye BIOS nyingi kimeandikwa "CPU Ratio". Kizidishi cha kache kiache kwenye 32 na kumbukumbu ya DDR3 kwenye kasi yake ya 1333, ili kosa likitokea ujue limetoka wapi.

Anza kwa kuweka 38 bila kugusa volteji. Hifadhi, washa Windows, thibitisha kwa CPU-Z kwamba kasi imekuwa karibu MHz 3800 prosesa ikiwa na mzigo, kisha endesha Prime95 kwa dakika 20. Ikipita, rudi BIOS na upande hatua moja moja: 39, 40, 41. Prosesa hutofautiana hata zikiwa zimetoka kiwanda kimoja, kwa hiyo moja itakwama 40 na nyingine ifike 42 kwa volteji ileile.

Itakapokwama, na dalili zake ni skrini ya buluu, kuganda, au Prime95 kusimamisha moja ya kazi zake na kutangaza kosa, ndipo uguse volteji. Tafuta palipoandikwa "Vcore" au "CPU Core Voltage", ichague hali ya kuweka kwa mkono, na uongeze V 0.02 kutoka kwenye thamani uliyoiandika mwanzoni. Jaribu tena. Endelea hivyo kwa zamu, kizidishi kisha volteji, bila kuruka hatua. Kwa matumizi ya kila siku, mimi huweka mpaka wa V 1.25 kwa hitisinki ya kawaida na V 1.30 kwa hitisinki nzuri, na joto lisipite nyuzi 85 chini ya Prime95. Prosesa hujipunguzia kasi yenyewe inapokaribia nyuzi 100, lakini kinga hiyo ni ya dharura, haifai kuwa sehemu ya mipango yako. Usiiache volteji kwenye "Auto" baada ya kupandisha kizidishi, kwa sababu mbao nyingi huongeza zaidi ya kinachohitajika.

Kompyuta ikikataa kuwaka kabisa, usifadhaike. Izime, chomoa waya wa umeme, toa betri ya CR2032 kwenye ubao kwa dakika chache au unganisha pini za kufuta CMOS (kumbukumbu ya mipangilio ya BIOS) kama kitabu cha ubao kinavyoonyesha, nayo itarudi kwenye mipangilio ya kiwandani.

Uthabiti wa kweli

Dakika 20 zinatosha kuchuja mipangilio mibaya, hazitoshi kuthibitisha mizuri. Ukishapata kasi unayoitaka, endesha Prime95 kwa saa kadhaa mfululizo mchana, kisha tumia kompyuta kwa shughuli zako halisi, kwa sababu ipo mipangilio inayostahimili mzigo mzito lakini huanguka mzigo unapobadilika ghafla, kwa mfano unapofunga mchezo na kurudi kwenye skrini ya mwanzo.

Katika HWiNFO tazama mstari wa mwisho kabisa wa orodha, wenye jina la WHEA. Hapo huhesabiwa makosa ambayo prosesa imeyasahihisha kimyakimya bila kompyuta kuzima. Tarakimu iwe sifuri. Ikiwa ni moja tu, hata kama kila kitu kinaonekana salama, ongeza V 0.01 au shusha kizidishi kwa hatua moja. Skrini ya buluu yenye namba 0x124 kwenye prosesa za kizazi hiki kwa kawaida huashiria jambo hilohilo, yaani volteji haitoshi kwa kasi iliyowekwa. Na kama CPU-Z inaonyesha kasi ikishuka ghafla ilhali joto la prosesa liko chini, pima kwa mkono, kwa uangalifu, joto la hewa iliyo karibu na saketi za kugawa umeme pembeni ya soketi. Mbao za H81 mara nyingi huziacha bila hitisinki, na feni ndogo iliyoelekezwa hapo hutatua tatizo.

Ukiridhika, badilisha volteji kutoka hali ya mkono kwenda "Adaptive", hali inayoipanga volteji kulingana na mzigo, ikiwa BIOS inayo, na uwashe tena mipangilio ya kuokoa umeme, ili prosesa ishuke hadi MHz 800 isipokuwa na kazi. Hifadhi mipangilio yote kama wasifu ndani ya BIOS, na upige picha za kurasa zake kwa simu, maana betri ya ubao ikiisha wasifu huo unaweza kupotea. Kila baada ya miezi michache futa vumbi na urudie jaribio la nusu saa ukilinganisha na karatasi yako ya mwanzo. Joto likiwa limepanda kwa zaidi ya nyuzi tano katika saa ileile ya siku, anza kwa feni na pesti kabla ya kugusa volteji.